Mtu wa Namba Sifuri

Siku orodha ya mashine za kufulia ilipofunguliwa nje ya duka la vyombo vya umeme, Bogna alifika saa kumi na moja alfajiri, akakuta mlango umefungwa na hakuna mtu ila paka. Ndivyo alivyopata kuwa wa kwanza. Hakuwa amekusudia makubwa. Alikuwa mtu wa haya, wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye, na kuwahi kulimwepusha na kusukumana. Lakini wa kwanza ni wa kwanza, na Mzee Walenty, kondakta mstaafu wa treni aliyejiteua mwenyewe kuwa mwenyekiti wa foleni, alimwandika juu kabisa katika daftari lake: moja, Bogna.

Mashine zenyewe zilikuwa hazijaja. Zingekuja Machi, au Aprili, au zikishaundwa. Kazi ya watu ilikuwa kuitika majina, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi na saa kumi na mbili jioni baada ya kazi, kila siku ya Mungu, miguu ndani ya theluji. Asiyeitika hufutwa, na wote walio nyuma yake hupanda hatua moja. Bogna aliitika wiki nne bila kukosa. Aliitika akiwa na homa. Aliitika siku ya harusi ya binamu yake, akiwa na ua kifuani na kipande cha keki mfukoni. Alikuwa anamfikiria mama yake, Leokadia, aliyefua maisha yake yote kwenye beseni la bafuni hata vidole vikapinda kama tangawizi, na siku za baridi kali akawa hawezi kufunga vifungo vya koti lake mwenyewe. Mama huyo hakuwa amemwomba mashine. Alikuwa akisema tu, kila Jumamosi, kwamba shuka za siku hizi zimekuwa nzito.

Mchana Bogna alitoboa kadi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika taasisi ya kompyuta, ghorofa ya tatu, katika jiji hilohilo la Wrocław. Wasomi waliandika kwa kalamu mambo waliyotaka kompyuta ifanye, naye akayageuza kuwa matundu kwenye kadi ngumu, kadi moja kwa kila mstari, na kompyuta, iliyojaza chumba kizima na kuvuma kama mzinga wa nyuki, ikayasoma matundu hayo. Shule aliiacha darasa la sita. Lakini mikono yake ilikuwa miepesi na haikukosea, na kila neno lililopita kwenye vidole vyake lilibaki kichwani, alitake asilitake.

Maneno mengi yaliyopita yalikuwa ya Docent Rogala, docent ikiwa ni cheo cha mhadhiri wa chuo. Huyu alikuwa mwanamume mrefu, mwenye ndevu za kukatwa kwa mkasi wa jikoni, na alikuwa ametunga lugha ya kompyuta. Zamani taasisi ilitumia lugha tatu: moja ya wahandisi, moja ya wahasibu, na moja ambayo hakuna aliyeielewa ila mtu mmoja aliyehamia Poznań. Vitabu vya lugha hizo vilikuwa vya kigeni, na kuvipata vipya kulihitaji fedha za kigeni na saini kumi na moja. Ndipo Docent alipoteleza kwenye barafu akavunjika mguu, akalazwa wiki tano, na kwa kukosa la kufanya akaanza kuandika nyuma ya karatasi za kupimia homa kanuni za lugha moja itakayofaa kwa kazi zote. Wauguzi walimnyang'anya karatasi mara mbili. Mara ya tatu walimletea wenyewe, maana alipokosa karatasi aliwaeleza wao.

Alitoka hospitali akisema lugha itakuwa tayari majira ya vuli. Vuli ikaja ikapita, na ya pili, na ya nne. Wenzake wakaanza kumwita sójka, yule ndege wa msituni ambaye kila vuli hujiandaa kuvuka bahari na kila vuli huonekana palepale juu ya mti. Docent hakukasirika. Mwaka wa sita lugha ilipokamilika aliipa jina hilohilo, Sójka, na juu ya jalada la mwongozo wake akachora ndege mwenye sanduku la safari.

Programu ya kwanza ya Sójka ilitafuta tarehe za Pasaka kwa miaka mia ijayo. Mkurugenzi, aliyekuwa mwanachama mwaminifu wa Chama tawala kisichotaka dini, alipiga marufuku jambo hilo kwa sauti kubwa ukumbini, kisha akaomba nakala kwa ajili ya mama yake. Baada ya Pasaka ilikuja programu ya daraja la reli, kisha ya chakula cha kuku laki moja wa shamba la serikali, kisha ya kupanga zamu za waimbaji wa opera wasiopatana. Kila programu ilifanya kazi. Lakini huko Warszawa, mji mkuu, watu walisema lugha ya kazi zote ni majigambo, kwamba kitu kinachofaa kwa kila kitu ni kamba na mate tu, na mwezi wa pili wakaandika kwamba tume itakuja kuona. Tume isiporidhika, Sójka ingefungiwa kabatini.

Docent alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alihitaji kazi mpya, kazi ya watu wa kawaida, inayoonekana kwa macho. Asubuhi moja alimkuta Bogna akipasha vidole kwenye bomba la joto, akamuuliza amepatwa na nini. Bogna alimweleza kwa sauti ya kunong'ona, akiangalia viatu vyake: foleni, majina, daftari la Mzee Walenty, jinsi watu wanavyofutwa na namba zote kuandikwa upya kwa mkono, jinsi juzi watu wawili walivyojikuta wote ni namba ishirini na tatu na wakapigana kwa mifuko ya viazi.

Docent alivuta kiti akaketi. Kisha akasema, "Bi Bogna, miaka yote hii nimetafuta kuku na madaraja, kumbe kazi yenyewe imesimama nje kwenye theluji."

Basi ikawa hivi. Kila jioni Mzee Walenty alimpa Bogna majina ya wasioitika, asubuhi akifika kazini akayatoboa kwenye kadi, na mchana kompyuta ikachapa orodha mpya, safi, imepangika kama meno ya kitana. Watu waliipenda mara moja. Karatasi iliyochapwa ilikuwa na uzito ambao daftari halikuwa nao. Hata wagomvi wa viazi walipoiona walivua kofia.

Kulikuwa na jambo moja tu. Katika Sójka, kuhesabu huanza na sifuri. Wa kwanza ni sifuri, wa pili ni moja, wa tatu ni mbili. Mzee Walenty aliponyoosha karatasi ya kwanza na kusoma "Sifuri, Bogna," foleni nzima iligeuka kumtazama, naye akatamani ardhi ipasuke. Walenty alikwenda taasisi kulalamika. Alikaa humo nusu saa, akatoka uso umemwiva, akawaambia watu kwamba ameelezwa, kwamba ndivyo ilivyo kisayansi, na kwamba yeyote anayetaka kuelezwa naye aende mwenyewe. Hakuna aliyekwenda. Baada ya siku tatu walizoea. Walimwita Bi Sifuri, bila ubaya, kama mtu anavyoitwa Mrefu au Kipara.

Aliyekataa kuzoea ni Leokadia. Alimwambia binti yake kwamba hakumlea kwa viazi na maziwa ili aje kuwa sifuri, na kwamba baba yake, angekuwa hai, angekwenda na shoka. Bogna alijaribu kumweleza, lakini ufasaha aliokuwa nao uliishia vidoleni.

Wiki ya sita habari zilizagaa: lori linakuja Alhamisi, na lina mashine kumi. Watu walihesabu kwenye karatasi kwa vidole vilivyoganda. Sifuri hadi tisa, watu kumi. Wa kumi na moja, mwenye namba kumi, alikuwa Bi Otylia, mke wa Docent Rogala mwenyewe. Alikuwa ameanzia namba kumi na nne, akapanda ngazi hadi hapo kwa kuitika kwenye tufani, na sasa angekosa kwa mtu mmoja. Jumatano jioni alisimama macho mekundu, na Bogna, ambaye mbele yake hapakuwa na mtu, aliona aibu kana kwamba ameiba.

Alhamisi lori likaja kweli. Na kwa kuwa Mungu naye hupenda kichekesho, siku hiyohiyo tume ikaja kutoka Warszawa, na Docent akaileta moja kwa moja barabarani kuona Sójka ikitumikia umma. Mkuu wa tume alikuwa mama mnene mwenye kofia ya manyoya na mkoba mkubwa wa ngozi, ambaye tangu ashuke kwenye treni alikuwa hajatabasamu.

Meneja wa duka, Bi Pelagia, alitoka mlangoni na karatasi yake. Alikuwa mwanamke aliyeishi kwa karatasi. Akaisoma kwa sauti: mashine ziuzwe kwa wateja namba moja hadi namba kumi wa orodha, kwa mpangilio, na wengine watawanyike.

Mzee Walenty alikohoa, akanyoosha orodha kama kondakta anayetangaza kituo. "Sifuri, Bogna."

"Nimesema moja," alisema Bi Pelagia.

"Bibie, orodha inaanza na sifuri."

"Hiyo ni orodha yako. Karatasi yangu inaanza na moja. Sifuri si mteja, baba. Sifuri ni pale ambapo mteja hayupo."

Bogna alikuwa amesimama mbele yake, umbali wa mkono mmoja, na pesa za mashine zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya koti. Nyuma yake foleni ilianza kuchemka. Wengine walisema msichana ametutangulia tangu siku ya paka, wengine walisema sheria ni sheria, na mtu mmoja wa namba arobaini, ambaye hakuwa na la kupata wala la kupoteza, alisema kwa furaha kwamba tangu mwanzo alijua kompyuta italeta msiba. Namba moja, fundi viatu, alisogea mbele taratibu akiangalia angani, kama mtu anayesogezwa na upepo.

Bi Otylia alikuwa amekwisha kuhesabu. Kama ni moja hadi kumi, basi yeye yumo. Rangi ilimrudi usoni. Alimshika mumewe mkono, na Bogna akaona jinsi alivyoushika, kwa kucha.

"Nani aliyeleta mambo haya ya sifuri?" aliuliza Bi Pelagia.

Watu wote wakamwangalia Docent. Docent alimwangalia mkuu wa tume, kisha mkewe, kisha lori. Bogna aliwahi kumwona mtu huyu akibishana na profesa wa Prague hadi profesa akapanda tramu isiyo yake. Alimsubiri aseme. Docent alijikuna ndevu.

"Kwa kweli," alisema, "kuanza na moja nako si dhambi. Kuna lugha za heshima kabisa zinazoanza na moja. Mtu anaweza kulitazama suala hili kwa upana."

"Safi," alisema Bi Pelagia. "Namba moja, pita."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na kimya cha Bogna kilikuwa cha miaka ishirini na minne. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ileile ya kunong'ona, akiangalia viatu vyake, lakini watu walinyamaza ili wasikie, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kelele.

"Sehemu ya saba," alisema. "'Katika Sójka kuhesabu huanza na sifuri, na jambo hili halina mjadala. Anayelikataa na ajiulize anaishi ghorofa ya ngapi. Ghorofa ya kwanza iko juu ya ile ya chini, na hakuna aliyewahi kudai kwamba ile ya chini haipo, hasa anayefanya kazi humo.'"

Foleni nzima ilitazama duka la Bi Pelagia, lililokuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa nne. Bi Pelagia naye aligeuka akalitazama, kana kwamba anahakikisha.

"'Anayesema sifuri ni utupu,'" aliendelea Bogna, kwa kuwa akianza aya hakuweza kuikatiza katikati, "'hajui tofauti kati ya kiti cha mwanzo na kiti kisichokuwapo. Mwandishi yuko tayari kulitetea hili mbele ya mtu yeyote, popote, hadi kufa.'"

Mkuu wa tume aligeuza kofia yake ya manyoya. "Docent, maneno haya ni yako?"

"Tymon," alisema Bi Otylia kumwambia mumewe kwa upole wa kutisha, "fikiria mashuka."

Docent alitokwa na jasho kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. "Hayo ni ya toleo la kwanza," alisema. "Mtu huandika mengi akiwa kijana."

"Na toleo la pili," alisema Bogna. "Ukurasa wa kumi na tisa. Nilitoboa mwezi wa kumi na moja. Uliongeza 'hadi kufa'. Zamani ilikuwa 'hadi jioni'."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha kumi, kisha hata fundi viatu akaacha kuangalia angani. Docent alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama tena mkewe wala tume. Alimtazama Bogna, na alionekana kama mtu aliyekutana na maandishi yake yakitembea kwa miguu.

"Ni yangu," alisema. "Na ni kweli. Wa kwanza ni huyu. Mke wangu ni wa kumi na moja, na mimi leo nitalala kwa dada yangu."

Bi Pelagia alisema yote hayo ni mazuri, na kuhusu ghorofa hana ubishi, lakini yeye hauzi kwa ufasaha, anauza kwa karatasi, na karatasi inasema moja. Mwanamke huyu hangeyumbishwa na akili wala na machozi. Ndipo mkuu wa tume alipofungua mkoba wake wa ngozi. Alichukua orodha kutoka kwa Mzee Walenty, akaigeuza, akaiweka kwenye mgongo wa fundi viatu na kuandika kwa mkono mnene: *Namba sifuri ya orodha hii ni mtu kamili, na ahesabiwe wa kwanza. Namba tisa ni wa kumi.* Akatia saini. Kisha akatoa muhuri, mkubwa, wa mviringo, wa Warszawa, akaupulizia pumzi ya moto na kuugonga.

Bi Pelagia aliuona muhuri na uso wake wote ukalainika. Aliuliza kwa nini hawakumwambia mapema.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya kwanza ya serikali kuikubali Sójka. Ripoti yenyewe ilifuata baada ya miezi mitatu, kurasa sitini, ikisema lugha inafaa kwa kazi zote, ila mwandishi wa mwongozo apunguze ukali. Vyuo vitatu viliichukua, na kiwanda cha sukari, na bandari ya Gdynia. Bogna alitoboa toleo la tatu. Docent aliandika tena "hadi kufa", akafuta, akaandika tena, kisha akaja mwenyewe hadi mezani kwake kumuuliza anaonaje. Bogna alisema iachwe, maana watu wa foleni wameizoea.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile, fundi viatu na Mzee Walenty waliifunga mashine ya Bogna juu ya kitoroli cha kubebea makaa, na Docent akasukuma kutoka nyuma, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kwenda popote. Bi Otylia alifuata upande wa pili wa barabara. Walipofika kona alivuka, akashika kitoroli kisianguke kwenye barafu, akamwambia Bogna, si mumewe, kwamba kumpenda mtu kwa kusema kweli ni jambo moja na kulala naye nyumba moja ni jambo lingine. Bogna alimwambia, kwa kigugumizi, kwamba mashine itakuwa inakaa bure siku nyingi za wiki, naye akitaka alete mashuka yake Jumamosi, au siku yoyote, hakuna namba. Bi Otylia alikisukuma kitoroli hatua chache. Akasema ataleta na mashati ya huyu mjinga.

Kuipandisha hadi ghorofa ya pili kulichukua saa nzima. Leokadia alisimama mlangoni akizuia njia kwa ushauri. Walipoiweka bafuni, pembeni ya beseni, alifuta mikono kwenye aproni, akaizunguka, akaigonga kidogo kwa kifundo cha kidole, akawaandalia wote supu ya kabichi. Hakuuliza lolote kuhusu namba.

Asubuhi yake Bogna aliamka akasikia maji. Alimkuta mama yake ameinama juu ya beseni, mikono imezama hadi viwiko, akisugua shuka. Mashine ilikuwa wazi pembeni, kavu, inasubiri.

"Mama, unafanya nini?"

"Naziloweka kidogo tu, nizitoe uchafu," alisema Leokadia. "Kitu kimeingia jana nyumbani kwetu. Utakipaje nguo chafu siku ya kwanza? Kitatuonaje?"

Bogna alitaka kusema samahani na kurudi kitandani. Badala yake alivuta mikono ya mama yake kutoka kwenye maji baridi, mmoja baada ya mwingine, akaikausha kwa taulo kidole kwa kidole. Kisha akamshikilia pale hadi shuka zote, chafu kama zilivyokuwa, zilipoanza kuzunguka nyuma ya kioo, na mama yake akavuta kigoda, akaketi kuzitazama, na kulalamika kwamba zinazunguka upande usiofaa.